Niliingiza Namba ya Adui Yangu, Likaja Jina Langu

Siku niliyoamua kumjua mtu aliyenichafua mtandaoni, nilifanya kile ambacho kila Mtanzania anakifanya.

Niliingiza namba yake kana kwamba namtumia hela. Ukishaingiza, jina la mwenye laini linatokea, unalisoma, unaghairi.

Jina likatokea. IKRAM MUSA.

Ikram Musa ni mimi.

Nikaghairi, nikarudia. Likaja lilelile. Mwanne, shoga yangu tunayefanya naye kazi, akachungulia simu, kisha akanitazama usoni.

"Ikram, kwa hiyo muda wote huu unajitukana mwenyewe?"

Ngoja nianze mwanzo, maana habari hii ukiidaka katikati utasema nimerukwa na akili.

Mimi ni mtoto wa Ujiji. Nina steshenari Mwanga, Kigoma mjini. Natoa kopi, nachapa barua, nawajazia watu maombi ya kazi mtandaoni. Kutwa niko mbele ya kompyuta, na ubishi wa mitandaoni naupenda kuliko chakula.

Kulikuwa na grupu la WhatsApp linaitwa Kigoma ya Kidijitali. Watu karibu elfu moja. Walimu, wauza dagaa wa Kibirizi, wastaafu wa bandari, waliohamia Dar wakasahau nauli ya kurudi.

Kazi ilikuwa moja tu, kubishana. Akili mnemba itatunyang'anya ajira au ni kelele? Serikali ikifunga mtandao, anayetumia VPN ni mhalifu au ni mjanja? Kampuni kubwa za nje zinatuibia taarifa zetu, au sisi ndio tunazigawa bure kwa kubonyeza kukubali?

Mwanzilishi alijiita Nyundo ya Ziwa. Sura yake hakuna aliyeijua. Alisema yuko Dar na ni mchambuzi wa mifumo. Alihubiri demokrasia asubuhi mpaka jioni, ila admini wa grupu alikuwa yeye peke yake. Watu wakimwomba aongeze mwingine, anajibu kwamba muda bado.

Na walimpenda. Nyundo akiandika hata "habari za asubuhi", vidole gumba vinamiminika.

Uchaguzi ukawa unanukia. Ikaja kampuni ya programu inaitwa Soko Mkononi. Vijana wao wakaingia masokoni, wakawa wanawasajili kina mama wauze dagaa na mawese kwa simu. Jambo jema kabisa.

Ila ukifika ukurasa wa mwisho, programu inakudai namba ya kadi ya mpiga kura.

Nikauliza grupuni, kwa adabu zote: "Programu ya kuuzia dagaa inataka kadi ya kura ya nini? Na hizo namba zinakwenda kwa nani?"

Nyundo akajibu muda huohuo. "Watu wa aina hii ndio wanatufanya tuitwe mwisho wa reli. Dunia inakimbia, wao wanaogopa simu."

Vicheko vikashuka. Mzee Bonaventura, mwalimu mkuu mstaafu na mtu wa heshima zake, akaongeza, "Binti, mifumo waachie wenye mifumo."

Sikukaa kimya. Nikayasoma masharti ya ile programu yote, nikapiga picha sehemu inayosema taarifa zako wanaweza kuwapa "washirika". Nikaibandika. Watu wachache wakaanza kuuliza washirika hao ni kina nani.

Hapo ndipo Nyundo aliposhusha lake.

"Ndugu wajumbe, tusipoteze muda na mwanamke aliyerudishwa kwao Ujiji. Ndoa tu ilimshinda, mifumo ataiweza? Na kama hamjui kwa nini aliachwa, kamuulizeni fundi simu wa Gungu."

Uongo mtupu. Fundi simu wa Gungu hata simjui. Kuachwa ndiyo niliachwa, na mume aliyefuata mzigo Kalemie, ng'ambo ya ziwa, akanitumia talaka kwa meseji. Hilo sijawahi kulificha.

Ujumbe ule ukapigwa picha, ukatembea Ujiji nzima.

Sasa nikueleze kwa nini uliniua. Mama yangu ni kungwi. Mabinti wengi wa Ujiji wamepita mikononi mwake kabla ya harusi, na ndiyo kazi iliyotulea. Kungwi anafundisha mke kutulia katika ndoa. Halafu mitaani kunasemwa kwamba binti yake aliachwa kwa sababu ya fundi simu.

Kulikuwa na harusi aliyokuwa ameshaalikwa. Wakaja wanawake wawili na maneno laini. "Usichukie bibie, tumepata mwingine."

Mama hakulia. Alikunja zile kanga zake za kazi, akazirudisha sandukuni, kisha akanigeukia.

"Sikuulizi kama ni kweli, mwanangu, maana najua nilichokizaa. Nakuuliza huyo mwanaume ni nani."

"Simjui, mama."

"Basi mjue."

Mwenzenu moyo wangu ulikuwa umeshakuwa mweusi. Sikutaka suluhu wala kikao cha wazee. Nilitaka alie.

Ndiyo nikaingiza ile namba, likaja jina langu.

Mwanne akaniambia nifikirie taratibu. "Umewahi kumwekea mtu kidole?"

Nikakumbuka. Kidole gumba kikaniwasha.

Ule wakati wa kusajili laini zote kwa alama za vidole, Pazi, aliyekuwa mume wangu, hakuwa na kitambulisho cha taifa. Huku kwetu kitambulisho ni safari. Mpaka uko jirani, kwa hiyo unaulizwa babu yako alizaliwa wapi na amezikwa wapi, unajibu, unaambiwa urudi tena. Wake wengi wa Kigoma waliwasajilia waume zao laini. Nami nilikuwa bibi harusi mpya, kidole nikakitoa huku natabasamu.

Baadaye Pazi akaniambia simu ilimdondokea ziwani akitoka Ilagala, na laini ikazama nayo. Nikampa pole. Nikaifuta namba, nikasahau.

Kumbe laini haikuzama. Aliyeniacha ndiye alikuwa anatangaza kwamba niliachwa, na anatangaza kwa laini yangu.

Nikacheka. Mwanne akaogopa.

Kesho yake tukaenda duka la mtandao ule wa simu. Dada wa pale, Frida, akaingiza namba za kitambulisho changu, akanipa mashine niweke kidole.

"Dada, hii laini ni yako kihalali. Unataka kuifunga au kuirudisha?"

"Ifunge," Mwanne akasema.

"Irudishe," nikasema mimi.

Sikumaliza hata soda niliyonunua nje ya duka, laini ikasoma kwenye simu yangu. Nikafungua WhatsApp, msimbo ukaja, nikaingia. Mchambuzi wa mifumo mzima hakuwa ameweka hata namba ya siri ya pili.

Kigoma ya Kidijitali ikafunguka mbele yangu. Nyundo ya Ziwa sasa ni mimi. Admini pekee ni mimi.

Simu ikaita. Namba ngeni.

"Haloo, nani mwenzangu?"

"Wewe ndiye umepiga."

"Sikiliza, hiyo namba ni yangu, umeiiba. Nakupeleka polisi."

"Twende. Tukifika, nani ataweka kidole?"

Hapo akaitambua sauti yangu.

"Ikram?"

"Abee."

Sauti yake ikashuka, ikawa ile ya zamani, ya kuomba chai. "Ikram, usinifanyie hivyo. Hiyo namba ndiyo kazi yangu. Soko Mkononi wananilipa niwasafishie njia grupuni. Wakijua nimeipoteza wananifukuza."

"Na fundi simu wa Gungu?"

"Nilitunga tu. Watu walianza kukusikiliza, ungeniharibia. Ulitaka nifanyeje?"

"Mama haitwi tena kwenye harusi, Pazi."

"Nitamwomba radhi. Mbele ya grupu zima nitamwomba."

"Utaingiaje?"

Nikakata. Simu yangu hurekodi kila mazungumzo, na haya yalirekodiwa vizuri sana.

Mwanne alitaka niitupe ile sauti grupuni palepale. Nikakataa. Pazi alinitukana, sawa, lakini wangapi walicheka? Nilikuwa nayakumbuka majina yao. Pazi alikuwa chawa wa kulipwa. Wao walinicheka bure, na bado walikuwa wanakula na kulala vizuri.

Nikalitafuta lile swali langu la kwanza kwenye simu yangu. Nikalinakili neno kwa neno. Nikalibandika kwa jina la Nyundo.

"Programu ya kuuzia dagaa inataka kadi ya kura ya nini? Na hizo namba zinakwenda kwa nani?"

Jamani.

"Kiongozi, umeupiga mwingi."

"Hapo umeua, kaka. Hili swali hakuna aliyewahi kuliuliza."

Mzee Bonaventura akaandika aya nzima. Akasema huo ndio uchambuzi wa mtu mwenye elimu, na kwamba tumechelewa kuzinduliwa.

Nikabandika na ile picha ya masharti, ileile. Wakaishangaa kana kwamba imetoka mbinguni. Kufika Ijumaa, kina mama wa Kibirizi walikuwa wanaifuta programu, na vijana wa Soko Mkononi wakawa hawaonekani sokoni. Pazi naye akafukuzwa kazi. Aliyemfukuzisha ni Nyundo, na hilo nililipenda kweli.

Akajaribu kuwaandikia watu mmoja mmoja kwa namba nyingine kwamba yeye ndiye Nyundo halisi. Mzee Bonaventura akaniletea ile namba mbio.

"Kiongozi, kuna tapeli anatumia jina lako. Tumemchana vilivyo."

"Asante mzee," nikajibu. "Msimwache."

Wakati huo nilikuwa naingia grupuni na kwa laini yangu ya kila siku, kama Ikram. Nikaandika neno moja kuhusu bando na bei zake. Mtu akanijibu, "Wewe subiri Nyundo aje." Nikabadilisha simu, nikaja kama Nyundo, nikasema lilelile. Wakapiga makofi.

Iliniuma kuliko tusi la Pazi. Nikaendelea kusubiri.

Haikuchukua muda, wakaanza kusema Nyundo achukue fomu ya udiwani. Kigoma inahitaji vichwa kama hivyo. Wakapanga kikao cha kumwona ana kwa ana, alasiri, kwenye hoteli moja hapo Ujiji. Nyundo akakubali. Akasema atakuja.

Nilivaa baibui langu jipya nikaenda.

Nilikuta wanaume wamejaa, viti vya plastiki vimepangwa, kiti kimoja cha mbele kimetandikwa kitambaa. Mzee Bonaventura amevaa koti.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba binti. Leo ni kikao cha wanaume, tunamsubiri mgeni. Kama umeleta maandazi, jikoni ni huko nyuma."

"Mpigie huyo mgeni, mzee. Labda amepotea njia."

Akapiga. Simu ikaita mkononi mwangu.

Nikaipokea nikiwa mbele yake. "Haloo, kiongozi hapa."

Sauti yangu ikatokea na kwenye simu yake, aliyoiweka spika ili wote wasikie. Watu wote wakaisikia mara mbili. Kijana mmoja aliyewahi kuniambia nikakaange migebuka akainuka, akakaa, akainuka tena.

Nikawaambia kila kitu. Laini, kidole, Pazi, Soko Mkononi. Nikawawekea ile sauti, mpaka pale anaposema "nilitunga tu". Nikawaambia swali mlilolipigia makofi ni la yule mwanamke mliyemcheka, herufi kwa herufi, rudini juu mkasome.

Nilitegemea mtu mmoja aseme samahani. Mmoja tu angetosha, Wallahi, ningewaachia.

Mzee Bonaventura akavua miwani.

"Binti, sauti tumeisikia. Sasa tuambie ukweli. Yale maandiko, nani alikuwa anakuandikia?"

Wengine wakaitikia kwa kichwa. Ndiyo, nani?

Nikakaa kwenye kile kiti chenye kitambaa, nikafungua Kigoma ya Kidijitali, nikabonyeza ile sehemu inayosema ni admini peke yake anayeweza kutuma ujumbe.

Kisha nikaituma sauti ya Pazi, imfikie kila mtu. Chini yake nikaandika, "Aliyeandika ni Ikram binti Musa wa Ujiji. Anayebisha, abishe."

Simu zikalia hoteli nzima. Nikawaona wanavyotaka kujibu, wanatafuta pa kuandikia, hapapo.

Grupu bado liko hivyo mpaka leo. Naandika mimi, wao wanasoma. Mabishano yote yamekufa. Na katika watu wote wale, hakuna hata mmoja aliyejitoa, maana habari za Kigoma sasa zinatoka kwangu.

Utaniambia nisamehe. Siku hizi kila mtu ni mshauri wa moyo wa mwenzake. Mimi ninachoweza kukuambia ni kwamba ukiona hoja inakukera kwa mdomo wa mtu mmoja na inakufurahisha kwa mdomo wa mwingine, tatizo lako si hoja. Na siku mwenye mdomo akikujua, usitegemee huruma.

Wiki iliyopita wale wanawake wawili walirudi nyumbani. Safari hii walibeba sukari na majani ya chai. Wana binti mwingine anaolewa, wanamtaka Mama. Mama akasema atafikiria.

Wakati wa kuondoka mmoja akasita mlangoni. "Na bibie, mwambie mwanao afungue basi lile grupu. Wanaume majumbani wametushinda, hawana pa kubishania."

Mama alikuwa anazianika kanga zake za kazi juani.

"Mwenyewe yuko dukani kwake, Mwanga," akasema. "Waambieni waume zenu waende wakamwamkie."