Chambo cha Wadudu Siku ya Posa ya Tekla

Naona aibu kuandika kisa hiki, lakini bora niandike mwenyewe kabla dada yangu Tekla hajawasimulia (anaongeza chumvi huyo, mmh!).

Ni hivi. Nyuma ya nyumba yetu Mpitimbi kuna mipaina aliyopanda marehemu baba, na mwaka huu imeingiliwa na wadudu, wanatoboa magome mpaka mti unakauka umesimama. Bwana misitu akaleta chambo, kipakiti kidogo chenye dawa inayonukia kama wale wadudu waharibifu wenyewe, ili wadudu wengine wanaowala wainuse, wadhani chakula kipo, waje wawamalize. Akanipa mimi kwa sababu nimesoma (kidato cha nne, msicheke).

"Binti, kitundike katikati ya shamba, mbali na nyumba."

Nikasema nimeelewa.

Sasa siku hiyohiyo washenga walikuwa wanakuja kumposa Tekla. Mara ya kwanza waliahirisha kwa sababu ya msiba, dada akalia wiki nzima akidhani wamegeuza mawazo, maana ana miaka thelathini na nne na mnajua watu wanavyosema. Mimi nina togwa ya kuchuja, viti vya kuazima, uwanja wa kufagia, halafu niende hadi katikati ya shamba kwa ajili ya kipakiti? Nikakitundika kwenye nguzo ya baraza, nikajiambia nitakihamisha baadaye. Wageni wakafika, nikasahau kabisa.

Jua lilipokolea ndipo wale wadudu walaji wakaanza kuja. Mmoja kwenye kofia ya mshenga, wawili shingoni kwa mama, wekundu wenye mistari myeupe, halafu kundi zima. Mshenga, mzee mpole wa Peramiho, anaongea habari za undugu huku anajipiga makofi shavuni.

Mama akaninong'oneza, "We Oliva, umefanya nini?"

Kwetu anayemkaribisha mgeni kinywaji anaonja kwanza, mgeni aone hakuna baya. Nikapiga magoti, nikainua kikombe, na mdudu akadumbukia ndani, chubwi, kila mtu anaona. Nimwage togwa ya posa? Wangesema tumewakataa. Nikamwona Tekla dirishani, ameshika pazia kwa mikono miwili. Nikafumba macho nikanywa, togwa na mdudu wake (mgumu kama punje ya mtama, na alikuwa bado anatembea).

Nikaanza kulia, nikasema yote, "Babu nisamehe, ni mimi, nyumba yetu siyo chafu, ni chambo cha wadudu kile pale nguzoni, kina harufu tu, dada hana kosa lolote."

Mzee akaiangalia nguzo, akaniangalia mimi. "Kwa hiyo hawa wamefuata harufu tu, wamefika hakuna kitu?"

"Ndiyo, babu."

"Pole yao. Sisi tulifuata sifa za dada yako, na mwenyewe tumemkuta. Lete kikombe."

Akanywa chote. Kisha akamtoa mdudu mmoja ndevuni, taratibu, akaniwekea kiganjani. "Huyu mpeleke kwenye miti, ana kazi."

Nilikimbia na kipakiti mpaka katikati ya mipaina bila hata viatu. Niliporudi, Tekla alikuwa nyuma ya nyumba, machozi yanamtoka kwa kucheka, akanikumbatia mpaka kitenge chake kipya kikalowa togwa na kamasi zangu, wala hakujali.

Arusi ni baada ya mavuno. Nimeapa siku hiyo sitashika kitu chochote ila mkono wa dada yangu.