Siku Niliyompa Mtoto Bolti ya Karani

Miaka ile ya tisini nilikuwa na darasa la nasari ndani ya kanisa la mabati, kando ya barabara ya kwenda Mogogosiek. Kazi hiyo sikuisomea. Nilifika darasa la nane, nikaolewa huku kutoka upande wa Kisii, na wazazi wakaniambia basi, shika hawa watoto tukienda kuchuma chai. Vitabu havikuwepo. Nikawa nawaambia walete vitu vya nyumbani tusikilize sauti: mkebe wenye mahindi, vijiko, chupa za soda tulizotia maji, hii mengi, ile kidogo. Kama hayo yalikuwa masomo, mpaka leo sijui.

Asubuhi moja chupa ziliwachosha watoto. Nikawatoa nje wagonge vitu kwa kijiti: nguzo, ukuta, ndoo. Mbele ya kanisa kulikuwa na kibanda cha kupimia majani ya chai, na kando yake ringi ya lori, kile chuma cha gurudumu, ikining'inia mtini kama kengele. Ringi hiyo aliipiga karani wa kupima majani peke yake, na maana yake ilikuwa moja: lori limefika, leteni majani. Nilijua. Lakini ilikuwa saa nne, na lori lilizoea kuja saa tisa.

Msichana mmoja wa miaka mitano aliigonga kwa kijiti. "Mwalimu, inalia ndani," akasema. Nikachukua bolti ya karani, ile aliyoipigia ringi, nikampa. Niseme ukweli, hata mimi nilitaka kusikia.

Akapiga mara tatu. Wenzake wakaweka masikio kwenye chuma, wakasema bado inaongea. Nilifurahi sana. Nilichosahau ni kwamba wiki hiyo mvua iliharibu barabara, na lori lilikuwa likija saa yoyote.

Wa kwanza kufika alikuwa mama ya yule msichana, anahema, kikapu mgongoni. Wengine wakamfuata. Mama huyo aliposikia ringi alikuwa amezoa majani bila kuchagua, yale magumu ya chini na vijiti vyake, akayashindilia kwa ngumi kikapu kijae.

"Lori iko wapi?" akauliza.

"Uliza mwalimu," akasema karani, aliyekuwa amekuja naye mbio. "Leo lori ni yeye."

Watu wakacheka. Mzee mmoja akaongeza, "Kwani huko kwenu Kisii ringi ni ya ngoma?" Nadhani alikuwa anatania. Neno hilo nililigeuza kichwani wiki nzima.

Karani akachungulia kikapu cha yule mama. "Haya ni ya ng'ombe, mama. Siwezi kupima." Simlaumu. Mazuri ya asubuhi yote yalikuwa yamepondwa pamoja na mabaya.

"Nani alipiga?" mama akauliza.

Mtoto alikuwa ameshika sketi yangu kwa nyuma. Fimbo ya kwao niliijua.

"Ni mimi," nikasema.

Siku nne mtoto hakuja. Jumamosi nikaenda shambani kwao na kikapu changu, nikamwambia mama nimekuja kuchuma badala ya yale yaliyoharibika. Akanionyesha mstari wa kuanzia. Tulichuma mstari mzima, majani mawili na kichipukizi, kisha akasema.

"Mtoto aliniambia ni yeye alipiga."

"Lakini bolti nilimpa mimi, mama."

"Sikuuliza bolti."

"Niliogopa utamchapa."

"Nilimchapa," akasema, mikono haijasimama. "Si kwa ringi. Alisema mwalimu amedanganya. Nikaona anakutukana, nikamchapa kwa hiyo."

Kidole kikanikwama kwenye tawi. Nilikuwa nimejiambia siku zote nne kwamba sikusema uongo kamili, kwa sababu kosa lilikuwa langu. Labda ni kweli. Fimbo ilimpata yeye hata hivyo, tena kwa kusema ukweli.

"Jumatatu atarudi?" nikauliza.

"Mimi sijamkataza. Muulize mwenyewe, si huyo hapo."

Mtoto alikuwa mstari wa pili, anatuangalia katikati ya chai. Nikaenda mpaka alipokuwa, kikapu bado mgongoni, nikachuchumaa mbele yake. Kwa mama yake nilikuja na neno tayari. Kwake yeye nikaanza na lile alilochapiwa: "Ulisema kweli. Mwalimu alidanganya."