Maelezo ya Kazi ya Mwinjilisti

Nilikuwa mchungaji kwa miaka kumi na moja kabla ya kujulishwa kwamba mimi pia ni meneja. Nilijulishwa darasani, mwaka wa kwanza wa shahada ya uzamili inayounganisha huduma ya Kikristo na uendeshaji wa kanisa. Asubuhi tulisoma nyaraka za Paulo, mchana tukasoma mpango mkakati. Niliporudi Bariadi, washarika walinipa pole, nami nilidhani ni pole ya safari.

Muhula wa pili tulipewa zoezi. Mchague mfanyakazi mmoja aliye chini yako, mwandikie maelezo ya kazi, kisha baada ya mwezi mpime kwa fomu yenye alama moja hadi tano. Nikamchagua mwinjilisti wa mtaa mmoja wa usharika wetu ulioko mashambani, nusu saa kwa pikipiki kutoka mjini. Alikuwa mkulima wa pamba mwenye umri wa miaka sitini na kitu, na aliongoza mtaa ule tangu mimi nikiwa shule ya msingi. Nikiri kwamba nilimchagua kwa sababu hakuwa mtu wa kubisha.

Nilimkuta akipalilia. Aliweka jembe chini, tukasalimiana kwa Kisukuma.

"Mwadila, mchungaji."

"Mwadila, mzee. Mhola?"

"Mhola duhu."

Tulikaa pembeni ya shamba nikamsomea ukurasa mmoja na nusu. Kuongoza ibada ya Jumapili. Kufundisha kipaimara. Kutembelea wagonjwa. Kuandika taarifa ya mwezi. Vilikuwa vipengele tisa, na mwishoni saa za kazi, saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni, maana mhadhiri alisisitiza kwamba kazi isiyo na saa haipimiki.

Alisikiliza hadi mwisho. "Na haya mengine ambayo hayamo, atayafanya nani?"

"Mengine kama yapi?"

Akafikiri. "Yatajitokeza."

Nikamweleza, kwa furaha ya mtu aliyesoma jambo juzi, kwamba mfanyakazi asibebeshwe yasiyomhusu. "Itakupunguzia mzigo, mzee."

"Asante," akasema. Akaikunja karatasi mara nne, akaitia kwenye mfuko wa shati.

Wiki ya pili nilikuwa ofisini nikijiandaa kwa mtihani wa namna ya kuwasikiliza wadau, akaja mfugaji wa kijiji kile kwa baiskeli. Ng'ombe wake alikuwa amelala chini tangu jana, hali wala hanywi. Bwana mifugo alishafika, akamchoma sindano, akaondoka akitikisa kichwa. Sasa familia ilitaka maombi.

"Mwinjilisti hayupo?" nikauliza.

"Yupo. Ametusomea karatasi yako yote. Kasema kuombea ng'ombe hakumo, labda ni kazi ya mchungaji."

Nilimtazama usoni nione kama kuna dhihaka. Haikuwepo. Nikawasha pikipiki.

Nilipofika, watu walikuwa wamelizunguka zizi. Mwinjilisti alisimama nyuma yao, mikono mgongoni, kama mgeni mwalikwa. Nimezika, nimefungisha ndoa, nimebatiza mapacha waliokuwa wakipigana mateke, lakini sikuwahi kumwombea ng'ombe. Nilianza na uumbaji, nikapitia safina ya Nuhu, nikashuka hadi hori la Bethlehemu. Niliposema amina, waliitikia wachache. Mama mwenye mji akamnong'oneza jirani yake kwa Kisukuma kwamba nimewaombea ng'ombe wa dunia nzima, huyu wa kwake sijamtaja.

Nikamwendea mwinjilisti. "Mzee, tusaidie."

"Saa kumi imeshapita, mchungaji," akasema taratibu. "Lakini ukiniagiza, nitafanya."

"Nakuagiza."

Akaingia zizini, akapiga magoti kwenye samadi, akaweka kiganja kwenye ubavu wa ng'ombe. Alisema kwa Kisukuma, maneno machache. Alimweleza Mungu kwamba huyu ni ng'ombe wa mahari ya binti mkubwa, kwamba maziwa yake yamelea watoto wa mji huu na wa mji wa pili. Kisha akafumbua macho, akamtazama mwanamume mmoja aliyesimama peke yake nje ya uzio.

"Njoo umshike pembe. Ananisumbua."

Ng'ombe yule hakuwa na nguvu ya kumsumbua hata nzi. Lakini mtu yule alikuwa mdogo wa mwenye ng'ombe, na hawakuwa wamesemeshana tangu wagombane juu ya mpaka wa shamba. Alisita, akaingia. Kaka yake akasogea kumpisha. Wakashika pembe moja kila mmoja, na mwinjilisti akaendelea kuomba, safari hii kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Ng'ombe alikufa siku ya tatu. Niliambiwa ndugu wale walimchuna pamoja.

Mwezi ulipoisha nikajaza fomu. Kwenye kipengele cha kutatua migogoro nilimpa tano, na kwenye sehemu ya ushahidi nikaandika kwamba aliomba msaada wa kushika pembe. Naye alitakiwa kujipima. Alijipa mbili kila mahali. Nilipomuuliza sababu, alisema, "Moja ningeonekana mvivu, tatu ningeonekana najisifu."

Mhadhiri alinipa A. Pembeni aliandika kwamba tofauti kati ya alama zangu na za mfanyakazi inaonyesha mfanyakazi haelewi malengo ya kazi yake, na akapendekeza apewe mafunzo. Nilisoma maoni hayo mara mbili. Sikubisha, maana nilihitaji A ile.

Nilirudi kwa mwinjilisti na kalamu, nikamwomba karatasi niongeze kipengele cha kumi, kuombea mifugo. Aliitoa mfukoni, imeshachakaa kwenye mikunjo, akaishika bila kunipa.

"Usiandike, mchungaji. Ukiandika ng'ombe, wataniletea na kuku."

Nikarudisha kalamu. Kulikuwa na msiba kijiji cha pili, akaniomba nimpakie kwenye pikipiki, tukaenda.