Kozi Moja Moja

Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi Kazimia, mama wa watoto wawili, na pia mwanafunzi wa mwaka wa kwanza katika chuo kidogo cha ualimu kule Baraka, mji wa Kongo ulio kando ya Ziwa Tanganyika. Mwaka huo wa kwanza haukutaka kuisha. Risasi zilipokaribia mji tulikimbia, na tuliporudi tuliambiwa mwaka haukukamilika, kwa hiyo wote tuanze upya, hata kozi tulizokwisha kufanyia mtihani.

Chuo kilipofunguliwa tena, niliwaacha watoto kwa mama mkwe, nikapanda boti pamoja na wauza samaki. Nilimkuta mkurugenzi wetu, mzee aliyefundisha jiografia, akiandika ubaoni somo lilelile la mwanzo. Nikanyoosha mkono.

"Prof, hii kozi nilishaisoma, na mtihani nilishinda. Juu ya nini niianze tena?"

"Mama, programu ni ya mwaka mzima. Mwaka ukikatika, umekatika."

"Lakini ile nilisoma ingali mu kichwa, Prof."

Wenzangu walicheka. Yeye hakucheka. Aliweka chaki chini, akaanza kutuuliza mmoja mmoja ni wakati gani tunaweza kuja na wakati gani hatuwezi. Mimi nilisema likizo za shule yangu. Mwenzangu aliyelima mihogo alisema asitafutwe wakati wa kupanda. Mwingine alikuwa anachimba dhahabu Misisi ili apate karo.

Wiki ile mkurugenzi aliwaita walimu wenzake, na mlango ukiwa wazi tulisikia kila kitu. Alitaka kozi zifundishwe moja moja, kila moja kwa majuma machache, mtihani hapohapo, na maksi zibaki za mtu hata akikimbia. Aliyekosa kozi angeingojea irudi, bila kupoteza nyingine.

"Hii itakuwa soko, si chuo," alisema mwalimu wa hesabu. "Kila mutu ataingia na kutoka vile anataka."

"Sasa hivi wanatoka tu," mkurugenzi akajibu. "Hawarudi."

Wakakubaliana kujaribu.

Nilimaliza kozi kadhaa kabla vita havijatufikia tena. Safari hii tulivuka ziwa pamoja na watoto wetu, tukawa wakimbizi upande wa Tanzania. Mkurugenzi naye alikuwa kambini. Alitukusanya chini ya hema la plastiki, akatufundisha kozi yake nyingine ya jiografia mpaka mwisho, akatupa mtihani. Niliufanya nikiwa na mtoto mgongoni.

Tuliporudi Baraka, madirisha ya chuo yalikuwa yameng'olewa. Niliingia ofisini nikiwa na hofu ileile ya zamani, ya kuambiwa nianze upya. Aliniuliza tu, "Mama, umebakiza kozi gani?"

"Takwimu, na ile ya kufundisha hesabu."

"Basi anzia hapo."

Nilitoka nikasimama uani peke yangu, nikilia, na sikuona aibu.

Nilimaliza kwa kuchelewa sana. Siku ya kutetea kazi yangu ya mwisho, mwalimu wa hesabu alikuwa mmoja wa waliokaa mbele yangu, naye ndiye aliyeuliza swali gumu kuliko yote. Nililijibu nusu. Akaniambia nusu ile nyingine niwatafutie wanafunzi wangu, kisha wakanipitisha. Jioni tulikula bugali na samaki kwa mama mkwe, na Jumatatu nilikuwa darasani Kazimia.