Nilisema Ameng'oa Kadi ya Laptop ya Mjukuu Wangu

Admin, jina langu usilitoe. Mimi ni nyanya wa miaka sitini na nane, naishi Dandora, shule niliachia darasa la nne, kwa hivyo mkiona herufi imepotea mnyamaze msome. Nimefanya kibarua Industrial Area miaka mingi, nikipapaswa getini kila jioni kama mwizi, na wezi wenyewe wakipita na magari. Hapo ndipo nilijifunza kutoamini mtu, na sijutii.

Naishi na mjukuu wangu, nimwite Nekesa, ana miaka ishirini na sita. Yeye huniita Kukhu, ndivyo sisi watu wa magharibi tunavyomwita nyanya. Nimemlea tangu mama yake afariki. Kazi yake ni kutengeneza video za harusi na mazishi, na vile vitabu vya picha za marehemu vinavyogawiwa kanisani. Mwaka huu alitaka laptop ya kazi, na hapo ndipo Musa alipoingia. Musa ni kijana wa Donholm, anapiga picha harusini, na alikuwa amesema atamuoa. Mimi sikumpenda. Mtu akija kwa watu anakaa karibu na mlango kila siku, anaharakia wapi?

Dukani tulienda watatu, maana singewaacha waende wawili. Muuzaji akatuonyesha laptop nyembamba, safi, nyepesi kama sahani. Nikaipenda. Musa akatikisa kichwa.

"Kukhu, hii haina kadi yake ya grafiki. Kazi ya picha inaifanya kwa kuazima memori ya mashine. Barua itaandika vizuri, lakini video ya harusi ya masaa matatu itakwama." Akaonyesha nyingine, nene, nzito, imepauka pembeni. "Hii ina kadi yake yenyewe na memori yake ya picha. Sura si kitu."

"Sura si kitu, na Nekesa ulimfuatia nini?" nikamuuliza.

Muuzaji akacheka. Musa hakucheka. Nikajiambia huyu ana lake na huyu muuzaji. Lakini Nekesa alimsikiza yeye, ile nene ikanunuliwa, na Musa akakaa nayo kwake siku mbili ati anaweka programu.

Wiki za kwanza ilikimbia. Halafu ikaanza kukokota. Nekesa anaacha video ijitengeneze, anaenda kuona wateja, akirudi anakuta haijafika nusu na mashine inanguruma kama ya kusaga unga. Bwana harusi mmoja alimtukana kwa simu mpaka mtoto akalia.

Mimi nikajua. Musa ameng'oa kadi. Nilidhani ni kitu cha kuchomoa tu, kama laini ya simu. Nikanyamaza mpaka siku mama yake Musa alipokuja kwetu tujuane, chai iko mezani, nikasema: "Mama Musa, kabla hatujafika kwa mahari, mwambie mtoto wako arudishe kadi."

Akaweka kikombe chini. "Kadi gani, mama?"

"Ya laptop. Yeye anaijua."

Musa akasema polepole, "Kukhu, hiyo kadi imechomelewa ndani. Haitoki."

"Hata ningekuwa mwizi ningesema hivyo hivyo."

Waliondoka chai ikiwa bado moto. Tangu siku hiyo Musa hashiki simu za Nekesa. Na Nekesa mwenyewe, ingawa alininunia siku nne, shaka ilikuwa imemwingia. Nilimwona.

Wiki iliyopita tukapeleka mashine kwa fundi. Nilienda nimsimamie. Alipofungua mgongo wake, Nekesa alikuwa nje anaongea na mteja kwa simu.

"Shosho, kadi hii hapa, iko sawa," fundi akasema. "Shida ni joto. Feni imezibwa. Kadi kama hii ikipata joto inajipunguza mwendo isiungue." Akaingiza kibanio, akavuta donge la nyuzi. Uzi wa sufu. Rangi ya pinki.

Nyumba yangu ina vitambaa vya kufuma kila mahali, kwa viti, kwa redio, kwa televisheni, na nimevifuma mwenyewe. Nekesa akitoka na kuacha mashine ikifanya kazi pale karibu na dirisha, mimi naifunika na kitambaa nimekikunja mara mbili, kwa sababu majirani zangu wana macho. Akikaribia kurudi nakiondoa, asiseme naingilia kazi yake. Kitambaa chenyewe ni cha pinki.

"Hii imetoka wapi?" fundi akauliza.

Nikalichukua lile donge nikalifunga ndani ya leso. "Uchafu tu. Endelea na kazi."

Nekesa aliporudi ndani akaambiwa kadi ipo, mashine ndiyo inashika joto. Akasema, "Basi Musa hakuiba. Lakini alinichagulia jiko."

Tangu isafishwe, na mimi niache kuifunika, inakimbia kama mwanzo. Lakini Nekesa haiamini tena. Anasema hata mara ya kwanza ilianza hivyo. Huko kutoamini amekutoa kwangu, najua. Jumamosi anaenda kuibadilisha na ile nyembamba, ile isiyo na kadi, na ana harusi tatu zinamngoja. Itamkwamia, na atabaki bila mashine na bila mume.

Nimefika stejini mara mbili niende Donholm kwa Mama Musa, nikarudi. Sijawahi kumwomba msamaha mtu niliyemzidi umri, na yule mama naye ana maringo. Kuhusu Musa, bado sijaelewa kwa nini anakaa karibu na mlango. Lakini mwizi si yeye.

Msinihubirie, kanisani naenda. Niambieni tu, nianzie kwa nani, kwa mtoto wangu au kwa wale wa Donholm, na mtu wa umri wangu huyatoa vipi maneno kama haya mdomoni? Leso bado sijaifungua.

Admin, weka hii kabla ya Jumamosi. Nekesa husoma ukurasa huu kila jioni. Majina nimebadilisha yote. Rangi ya uzi nimeiacha.