Maua ya Barafu Ndani ya Friji

Jirani yangu pale mtaa wa Greyville, mama mwenye saluni, alifungua friji ya soda kunionyesha maua ya arusi ya binti yake. Vyungu vya popi vilikuwa vimebanwa kati ya chupa, gizani, na matumba yote yameinama. Arusi ilikuwa keshokutwa.

"Papa, usiache wazi, joto itaingia," alinionya. "Hii ni maua ya barafu. Muuzaji alisema inapenda baridi tu."

Nilikasirika, ila si kwa sababu yake. Yeye aliuliza, akajibiwa na mtu ambaye kazi yake ni kujua. Kibandiko kilisema popi ya Aktiki. Ua hilo nilikuwa nimelisoma kwa miezi katika maktaba ya mjini, kamusi mkononi. Popi ya Aktiki ni fupi, ua lake ni la manjano au jeupe. Hizi zilikuwa ndefu, nyingine rangi ya chungwa: ni ndugu yake wa bustanini, mwenye asili ya Siberia. Wataalamu wenyewe hubishana mpaka kati ya jamaa hizi uko wapi, hilo nakubali. Lakini zote zinalitaka jua. Kule kaskazini, kiangazi ambapo jua halizami, ua hugeuka kulifuata, na petali zake hukusanya joto hadi wadudu huja kuliota humo.

Nikabeba chungu kimoja mpaka mtaa wa Morningside kwa muuzaji, nikamweleza kwamba ua hili linataka jua. Alitazama viatu vyangu kwanza, kisha uso.

"Wewe umetoka Kongo," alisema kwa Kiingereza. "Barafu umeiona wapi?"

Wenzake wakacheka. Nikamwuliza yeye ameiona wapi. Akaniambia nisizibe njia.

Swali lile linaniuma hadi leo, kana kwamba hata ujuzi unaombewa viza.

Nilirudi, mimi na mama tukapandisha vyungu vyote juu ya paa, kwenye jua la Julai.

"Yakikufa, papa, wewe ndiye utamwambia bibi-arusi!"

Mengine yalikuwa yameshaoza. Binti alitaka maua pande zote mbili za madhabahu. Akapata upande mmoja, karibu na dirisha. Kabla ibada haijaisha, popi zilizofunguka zilikuwa zimegeukia jua la dirishani.

"Papa, yanatupa mgongo!" mama alininong'oneza, akitaka kuvigeuza vyungu kabla ya picha.

Nilimshika mkono. Nikamwambia ayaache hivyo hivyo.