Kilichorekodiwa ni Vidole Vyangu

Juzi niliteremka Bwaise kuchukua kinanda cha mjomba, na nimerudi na hasira mpaka leo. Usiniambie nipoe. Tumejuana siku nyingi mimi na wewe, kwa hiyo kaa, nikueleze, halafu uniambie kama sina haki.

Mdogo wangu anaolewa Jumamosi. Ndiye bibi arusi wa kwanza kutoka nyumba ile tangu Habuba alipofariki. Habuba ndivyo sisi Wanubi wa Kampala tunavyomwita bibi, na huyu alikuwa mama yake mama. Mimi mwenyewe niliolewa ugenini, haraka haraka, bila ngoma, kwa hiyo simo kwenye hesabu. Mdogo wangu alikuwa na miaka minne Habuba alipotutoka, na hakumbuki sauti yake hata kidogo. Tangu achumbiwe, neno lake lilikuwa moja tu: siku nikitoka, mnipigie ile disketi yenye wimbo wa Habuba.

Unaikumbuka nyumba yetu? Iko kule kule Bwaise, bondeni kabisa, ukiacha barabara ya Bombo na kufuata mtaro. Kila kitu mle ndani kilikaa juu ya matofali: kitanda, kabati, gunia la mtama. Mvua ikinyesha maji yalibisha hodi na kuingia bila kungoja jibu. Asubuhi tulizoa tope kwa vifuniko vya sufuria huku Habuba akiimba, na ole wako uzoe polepole kuliko wimbo wake. Tope likiisha aliwasha mkaa, akamwaga uji wa mtama uliochachuka juu ya bamba la chuma, akautandaza kwa mkono mmoja, na kisra, mkate wetu, ikatoka nyembamba, unaona mwanga upande wa pili. Tulikula na mchuzi wa bamia kavu. Jioni alisuka makawa ya rangi rangi ya kufunikia chakula, midomo yake haitulii, nyimbo juu ya nyimbo.

Lakini wimbo mmoja hakuuimba ovyo. Ulikuwa wimbo wa kumtoa bibi arusi. Beti ya kwanza inaaga nyumba ya mama, ya pili inamtania mama mkwe, na hapo wanawake wote wanacheka na kupiga vigelegele. Ya tatu ilikuwa yake mwenyewe, aliachiwa na bibi yake, na aliiimba kwa sauti ya chini ili bibi arusi peke yake asikie. Sheria ya Habuba ilikuwa kwamba wimbo ule hauimbwi nyumbani kama hakuna bibi arusi. Ukiuimba hivi hivi, alisema, unamfukuza binti ambaye hata hajachumbiwa. Na alikuwa hatanii.

Basi, nilipokuwa na miaka kumi na miwili, kifua kikaanza kumsumbua. Akasema anataka wimbo ubaki. Na hapo ndipo mjomba wangu, mwanawe Habuba, mpiga kinanda wa bendi za hotelini, alipojitokeza. Alikuja na kinanda kirefu kama ubao wa kupigia pasi, akakiweka juu ya meza mbili, akasema kile si kinanda, ni studio nzima: ngoma zimo, gitaa limo, filimbi imo, na kurekodi kumo humo humo ndani. Kilichonichoma roho juzi ni kwamba hakusema uongo. Vyote vilikuwamo kweli. Kitabu cha maelezo kilikuwamo pia, ndani ya boksi, kwenye nailoni yake, hajakifungua.

Alinifundisha kwa majuma mawili kuufuata wimbo kwa vidole, bila maneno, kwa sababu yeye angekaa kwenye vitufe vya kurekodi kama bwana mkubwa. Habuba naye akatafuta njia ya kutovunja sheria yake. Alinipaka hina kwenye ncha za vidole vyote kumi. Sasa kuna bibi arusi ndani ya nyumba, akasema, tuanze. Mjomba akalalamika kwamba hina itachafua kinanda chake. Ilichafua kweli, na nilifurahi juzi kuona doa la rangi ya chungwa bado liko kwenye kitufe kimoja cheupe. Limchafue milele.

Jirani yetu, mke wa askari polisi, mama wa huko kaskazini, alikuja na redio yake ya kaseti chini ya kwapa. Kiswahili chake kilikuwa cha kambini, na moyo wake mweupe.

"Mama, mimi iko na kaseti mupya," alimwambia Habuba. "Wacha redio yangu narekodi pia. Hii ingine ikiharibika, yangu iko."

Banange, jamani! Mtu mmoja tu mwenye akili alikuwa chumbani siku ile, na unajua mjomba alimjibu nini?

"Zima hiyo kitu, mama. Italeta kelele ndani ya kurekodi yangu. Hii ni dijitali."

Akazima. Alikuwa mgeni, na mjomba alikuwa fundi. Akakaa mlangoni na redio mapajani, imezimwa.

Mjomba alichomeka maiki nyuma ya kinanda, akampa Habuba. Alipojaribu kusema bismillahi, sauti yake ilitoka kwenye spika, kubwa, safi, na sote tukapiga makofi. Mimi niliambiwa nisiinue macho kwenye vitufe hata nyumba ikiungua. Habuba alisimama nyuma yangu, mkono mmoja umeshika maiki, mwingine uko begani kwangu. Akaimba beti zote tatu. Katikati ya ile ya tatu alikohoa, nikamsubiri, akanibana bega, nikaendelea. Mjomba akaweka yote kwenye disketi, akaandika juu yake kwa kalamu nyekundu: HABUBA, ARUSI.

Utaniuliza kwa nini hatukuisikiliza. Mjomba alitaka. Habuba akakataa katakata: nimeshaosha hina ya mtoto, hakuna bibi arusi hapa, weka mpaka siku yake. Msimu wa mvua uliofuata tukamzika. Disketi ikakaa juu ya kabati, ndani ya mfuko, mafuriko yote yale yakipita chini yake. Tuliiokoa kabla ya godoro, wallahi. Kabla ya vitabu vyangu vya shule!

Sasa juzi. Tumekaa chumba kile kile, mimi, mdogo wangu, mjomba ambaye siku hizi ana mvi na bado anajua kila kitu, na fundi mmoja niliyemtoa kule soko la Owino, kwa sababu mlango wa disketi ulikuwa umekwama. Fundi akausafisha, akaingiza disketi, akabonyeza. Mdogo wangu alikuwa ameshafumba macho.

Piano ikaanza kulia. Ni mimi kabisa, mtoto wa miaka kumi na miwili, na kosa langu la pale mwanzoni. Tukangoja sauti. Piano ikapita beti ya kwanza, ikaingia ya pili. Mjomba akaongeza sauti. Akaongeza tena. Piano ikazidi kuwa kubwa, basi.

Fundi akatuangalia kwa huruma, akauliza Habuba alikuwa anapiga kitufe gani. Nikamwambia alikuwa anaimba.

"Nyabo, hii inaandika vidole," akaniambia kwa heshima ya Kiganda. "Mdomo haiandiki."

Akatueleza taratibu. Kinanda kile kinarekodi umebonyeza kitufe kipi, lini, kwa nguvu gani, umekiachia lini, umekanyaga kanyagio au hukukanyaga, umechagua piano au filimbi. Halafu kinajipiga upya, kana kwamba wewe umekaa pale. Lakini sauti iliyoingia kwenye maiki inapita tu, inatokea kwenye spika, inakwenda zake.

"Lakini niliisikia!" mjomba akasema. "Ilitoka kwa spika!"

"Ilitoka, ssebo. Ilitoka, ikaenda."

Jirani alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa amesikia piano, akaja mbio na mkongojo wake, akijua ni siku ya Habuba. Akamtazama mjomba.

"Mimi nilizima redio," akasema. "Wewe ndiye ulisema nizime."

Baadaye mjomba, ili aonekane bado fundi, akasema kuna kitufe cha kunyoosha mapigo, tukikibonyeza mtoto atasikika hajakosea, itafaa kwa arusi. Hapo nikamfokea. Mjomba wangu, mkubwa wangu, nikamfokea mbele ya watu, na siombi radhi. Kila mahali nilipochelewa nilikuwa nachelewa kwa ajili ya pumzi yake. Hiyo ndiyo tuliyobaki nayo, na yeye anataka kuipiga pasi!

Mdogo wangu akaomba irudiwe. Beti ya tatu ilipofika katikati, piano ikanyamaza. Sote tukasikia kile kimya. Nikahisi bega langu linabanwa, na piano ikaendelea.

"Hapa alikuwa anakohoa?" akaniuliza.

"Ndiyo. Hapo."

"Na hapa alikuwa anasema nini?"

Nimekuwa nikimtukana mjomba siku tatu mfululizo, kitabu hakukisoma, redio aliizimisha, na yote ni kweli. Lakini mimi nilikuwa karibu na Habuba kuliko mtu yeyote. Lugha yetu ya Kinubi naijua. Aliimba juu ya kichwa changu, na mimi nikahesabu vitufe, nikijua kinanda kinashika maneno kwa niaba yangu. Beti mbili nazijua kwa sababu kila mtu anazijua. Mdogo wangu akangoja, kiganja chake wazi juu ya goti, kilichokuwa kipakwe hina kesho yake.

Nikamwambia sijui.